Nyumba Inanuka Kachumbari

Jirani, kabla hujaziba pua, ndiyo, ni mimi. Si kachumbari hiyo. Ni siki. Shati lina siki, viganja vina siki, hata simu nikiipeleka sikioni inanukia siki. Juzi kazini jamaa kasimama mlangoni, kavuta pumzi, kaniuliza kiepe nimekificha wapi. Sina kiepe, bwana. Nina mke aliyetoka semina.

Semina ilikuwa ya kikundi chao cha VICOBA. Zamani walikuwa wanakutana, wanaweka hisa, wanakopeshana, wanakula pilau, wanatawanyika. Mimi na pilau hatujawahi kugombana. Safari hii kaalikwa mama mmoja na begi lake, kawafundisha kusafisha nyumba bila kudhuru watoto wala mazingira. Mama watoto karudi jicho limemtoka. Hata kiatu hajavua. Kaenda moja kwa moja jikoni, kapiga magoti chini ya sinki, kaanza kutoa chupa. Dawa ya choo. Dawa ya vioo. Dawa ya tailizi. Dawa ya mafuta ya jiko. Spreyi ya harufu ya lavenda, ua ambalo mimi tangu nizaliwe sijalitia machoni. Kila chupa anaigeuza mgongo, anasoma yale maandishi ya sisimizi, halafu ananitazama. Utafikiri kiwanda ni changu.

"Baba watoto, unajua humu ndani tunavuta nini?"

Sijui. Mimi kutojua ndiyo hali yangu ya kawaida, sioni kwa nini watu wanashangaa.

Sababu anayo, nisimsingizie. Kitinda mimba wetu ana pumu. Siku ya kudeki na blichi mtoto anakohoa mpaka jioni, na daktari alishasema harufu kali na spreyi vinamchokonoa mapafu. Moshi nao, udi umo, dawa ya mbu ya kuwasha imo. Hayo yote aliyasema mimi nikiwa dirisha la malipo nahesabu chenji. Kwa hiyo niliyasikia mara ya kwanza siku ya semina, pamoja na swali la nilikuwa wapi.

Halafu hela. Zile chupa ukizijumlisha kwa mwezi unakaribia mtungi mdogo wa gesi. Hapo hata mimi nilinyamaza. Zilizobaki hakuzimwaga. Kasema mtaro unaenda mtoni, mto unaenda baharini, na samaki tunawala sisi. Zitamalizwa taratibu, moja baada ya nyingine, bila kuchanganywa. Zitamalizwa na nani? Ndugu yangu, usiniulize maswali ya kuniumiza.

Tukasomewa katiba mpya. Karatasi ikabandikwa kwenye friji kwa sumaku. Siki. Ndimu. Bekingi soda. Chumvi. Sabuni ya mche. Maji ya moto. Nikaipitia juu mpaka chini, nikaona ni vitu vya kupikia, nikasema moyoni hapa tumepona, kazi nyepesi. Hakuna aliyenionyesha palipoandikwa mkono wa kusugulia utatoka wapi.

Nikatumwa dukani kwa Mangi. Nikamwambia nipe ule unga wa keki. Kanipa kopo, nikalipa, nikarudi kifua mbele, nikaanza na sinki la jikoni. Nikanyunyiza, nikatia maji, nikasugua. Kitu kikaumuka. Nikazidi kusugua. Kikawa uji. Binti yetu yuko kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi, na Mungu anisamehe lakini mtoto huyu kaletwa duniani kunishusha hadhi. Kaja, kaokota kopo, kasoma. "Baba, hii ni bekingi pauda." Mimi kopo ni kopo. Akaniambia pauda ni soda iliyochanganywa tayari na asidi ya unga na wanga, ukiipa maji tu inajiumua yenyewe, ndiyo kazi yake kwenye keki. Kwenye sinki kazi yake ni uji. Soda inayotakiwa ni ile kavu peke yake.

Kurudi kwa Mangi nikakuta foleni. "Mzee, vipi tena, keki imegoma?" Watu wakacheka. Nikajitetea, nikasema si ya keki, ni ya kusafishia choo. Wakacheka mpaka mmoja akashika nondo za dirisha. Tangu siku ile pale dukani naitwa Mzee wa Keki. Nina watoto watatu, nina kazi, nina kitambulisho cha taifa. Mzee wa Keki.

Soda sahihi ikapatikana. Nyunyiza soda, mwagia siki juu. Ee bwana, povu! Linapanda, linachemka, linaimba. Watoto wakapiga makofi. Nikajiona mganga kutoka Sumbawanga. Maji ya sinki yalikuwa yamegoma kushuka siku nyingi, nikasema leo sinki litaongea. Binti kafunga daftari.

"Baba, siki ni asidi, soda ni besi. Umeziweka pamoja zimeuana."

"Si unaona povu?"

"Hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inaondoka. Kilichobaki kwenye bomba ni maji yenye chumvi ya asetati. Havisafishi kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umemwaga hela ya Mama."

Eti kila mmoja ana kazi yake peke yake. Soda isugue mafuta na ukoko wa kwenye jiko, siki ikang'oe gamba la chokaa. Ukivioanisha vinaachana hapohapo. Na visifungwe kamwe pamoja ndani ya chupa, gesi ikikosa pa kutokea chupa inapasuka. Hilo la chupa alilisema akinitazama mikononi. Nilikuwa nafunga kizibo.

Sinki lilizibuliwa kwa maji ya moto, pampu ya mpira na mkono wangu wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Nikatoa bunda la nywele. Nikalipandisha juu watu walione. Kila mtu kageukia upande wake. Jirani, mimi nina upara.

Lakini siki nayo nisiinyime haki yake. Maji yetu ni ya kisima, na maji ya visima vya huku Dar unayajua, sabuni inakataa kutoa povu, ukimaliza kuoga unajisikia umepakwa chaki. Birika la umeme lilikuwa limeota gamba jeupe ndani, gumu, linachukua umeme na halichemshi. Siki ya dukani ni asidi ya asetiki, asilimia 5 hivi, nyingine yote maji. Nikatia siki nusu, maji nusu, nikachemsha, nikaacha. Wee! Gamba likaachia lenyewe. Vipande vikaelea. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Hakuna aliyejibu, ila shangazi aliuliza kama hiyo ni supu. Ndiyo siku yangu ya ushindi, naomba iheshimiwe. Sikusuuza birika vizuri, hilo kweli, na kesho yake asubuhi mjomba aliyekuja kutusalimia akanywa chai kikombe kizima kwa adabu zote, halafu akauliza kama siku hizi tunaweka mtindi.

Sasa mtu mwenye akili, akishaona siki inayeyusha chokaa, angejiuliza sakafu yake imetengenezwa kwa nini. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sebule yetu ni terazo. Mwenye nyumba anaipenda terazo ile kuliko wapangaji, na nadhani kuliko baadhi ya watoto wake. Anasema siku hizi mafundi wa kuisaga vile hawapo. Mimi nikaona ina weusiweusi karibu na mlango, nikakata ndimu, nikakamua, nikatawanya, nikaenda kutazama mpira. Mpira uliisha vibaya. Sakafu nayo. Kila tone la ndimu lilipotua pakafifia, pakawa na baka lisilong'aa, na usipitishe mkono, hapana uchafu wa kutoa, ni sakafu yenyewe imelika. Binti kaeleza bila hata kuinua kichwa. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji. Marumaru ni kalsiamu kabonati, ndugu yake lile gamba la kwenye birika. Asidi haijui ipi ni uchafu na ipi ni mali ya mwenye nyumba. Wala mimi sikuwa najua, tuko wawili.

Mzee kaja kuchukua kodi. Kasimama mlangoni. Kavua miwani, kaifuta kwa kanzu, kaivaa tena.

"Nani kamwaga asidi humu ndani?"

"Ni ndimu, mzee wangu. Tunatunza mazingira."

"Ndimu."

"Ndimu tu, Mzee. Kitu cha asili."

Alirudia neno ndimu mpaka getini. Sasa pale mlangoni tumetandika zulia la harusi yetu, lililokuwa halikanyagwi na mtu, na mimi mwenyewe naliruka. Terazo inataka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo tu. Ilikuwa imeandikwa. Nyuma ya karatasi. Nani anageuza karatasi iliyobandikwa kwenye friji?

Tuje kwenye ndoo ya nanasi. Hapa vuta kigoda.

Kuna dawa moja inasifiwa sana kwenye vikundi vya WhatsApp, inaitwa eko-enzaimu. Unachukua maganda ya matunda sehemu tatu, sukari guru sehemu moja, maji sehemu kumi, unafunga kwenye ndoo ya plastiki, unasubiri miezi mitatu. Inasafisha sakafu, inasafisha choo, inazibua mtaro, inafukuza inzi, kidogo tu iombewe iponye ndoa. Msimu wa nanasi, maganda yamejaa kwa muuza juisi, bure. Nikayabeba mwenyewe kwenye kiroba. Sukari guru ikanunuliwa. Ndoo ikafichwa uani nyuma ya tangi, pembeni ya ukuta wa jirani.

Ile kitu inachacha, na wiki za mwanzo lazima ufungue mfuniko kidogo kila siku gesi itoke, la sivyo ndoo inavimba. Kwa hiyo kila jioni nikitoka kazini naenda nyuma ya tangi, nachuchumaa, nafungua. Psss. Nafunga. Nageuka, natazama huku na huku nisije nikakanyaga vyombo. Na harufu ya mwezi wa kwanza, jirani, si harufu ya sabuni. Ni pombe. Ni pombe kamili, ya kuumiza kichwa kwa kunusa tu.

Sasa jiweke wewe upande wa pili wa ukuta. Kila magharibi unasikia psss. Unanusa nanasi lililolewa. Unachungulia, unamwona mtu mzima kachuchumaa gizani, anatazama huku na huku. Utafikiria mazingira?

Mjumbe kaja jioni na vijana wawili wa ulinzi shirikishi. Kasalimia vizuri. Kakataa kukaa. Kasema kuna fununu kwamba kwenye nyumba hii kunapikwa gongo, na gongo ni kosa, na yeye ananiheshimu, ndiyo maana kaja yeye kabla hawajaja wengine. Mama watoto yuko jikoni, anasikia kila neno, hatoki. Watoto wako dirishani. Nikasema, Mheshimiwa, ile ni sabuni. Vijana wakatazamana. Sabuni ya nanasi, nikaendelea, inatengenezwa miezi mitatu, ina sukari guru. Kila nilichoongeza kilizidi kunizamisha. Tukaenda nyuma ya tangi, msafara, tochi mbele. Nikafungua mfuniko. Psss. Mjumbe kainama, kanusa. Kanusa tena, kwa muda mrefu kidogo. Kachovya kidole. Kaonja. Kafumba macho, kafumbua.

"Hii bado haijakolea," akasema.

Wakaondoka. Tangu siku ile vijana wale wakinikuta njiani wananiuliza sabuni imefika wapi, halafu wanakonyezana. Jirani wa ukuta hanisalimii. Nafikiri alitegemea kwamba nitapelekwa. Na dawa yenyewe? Ikaendelea kuchacha, pombe ikageuka uchachu, miezi mitatu ikatimia, tukachuja. Maji ya kahawia. Binti kaonja kwa ile karatasi yao ya shule ya kupima asidi, kasema tumetengeneza siki ya nanasi, na nguvu yake hakuna anayeijua. Mama watoto kapiga hesabu ya sukari guru. Siki ya chupa kwa Mangi ilikuwa rahisi kuliko ile. Mimi nikasema lakini maganda yalikuwa ya bure. Hakuna aliyenijibu.

Tukaijaza kwenye chupa za maji ya kunywa. Naona unatabasamu, umeshajua. Umeme umekatika, joto la mwezi wa pili, usiku wa manane, nakwenda kwenye friji kwa kupapasa. Nani aliiweka chupa kwenye friji? Mimi. Chupa za maji si zinakaa kwenye friji? Nikapiga funda la kiume. Sikufa, ila niliona nyota, na kelele nilizopiga ziliamsha nyumba. Mama watoto hakunipa pole hata ya kuazima. Kanikalisha chini usiku uleule, kanikumbusha watoto wanaokimbizwa hospitali kwa kunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Je, angekunywa mdogo? Je, ingekuwa blichi? Hapo nilinyamaza kwa kweli, maana aliyelala chumba cha pili ni mdogo na friji anaifungua mwenyewe. Asubuhi dawa zetu zote za kujitengenezea zikahamishiwa kwenye zile chupa za kupulizia tu, zikapandishwa kabati la juu, kila moja ikabandikwa jina, tarehe na picha ya fuvu. Mchoraji ni binti. Fuvu moja kalichora lina masharubu yangu.

Nikadhani basi, kila kitu sasa ni siki. Masika yakaingia, gari la matangazo likapita mtaani na kipaza sauti, kipindupindu, kipindupindu, nawa mikono, chemsha maji. Nikamwambia mama watoto usihofu, siki tunayo. Kanitazama kwa huruma. Siki haiui kila kimelea, akasema, na mtu akitapika au akiharisha humu ndani hatutamtibu kwa kachumbari. Hapo ni sabuni kwanza, kutoa uchafu wote, maana uchafu unaimeza klorini, halafu ndiyo blichi. Ile ya dukani ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, unapata asilimia 0.5, hiyo ndiyo ya kufuta matapishi na kinyesi cha mgonjwa. Inachanganywa siku hiyohiyo, haiwekwi kiporo, na dirisha wazi, na mwenye pumu anapelekwa kwa bibi. Kwa hiyo blichi haikufukuzwa. Ilipandishwa cheo. Ina kufuli. Mimi sina kufuli.

Nikataka nisaidie. Chooni sinki lilikuwa na gamba la maji ya kisima, nikalimwagia siki, nikaacha iume. Nikaona haliishi haraka, nikasema ngoja niiongezee nguvu. Nimeshika blichi, nimeshafungua kizibo, nasikia kelele nyuma yangu ya mtu anayeona nyoka.

"BABA!"

Nikafukuzwa chooni kwangu mwenyewe, taulo begani, mbele ya mgeni. Siki juu ya blichi inatoa gesi ya klorini. "Wajerumani waliifungulia vitani, Ypres, Ubelgiji, mwezi wa nne, 1915," akasema binti, "na wewe unaifungulia chooni." Mimi na Wajerumani tumefahamiana wapi? Mimi najua boma lao la Bagamoyo. Akaendelea. Ndimu hivyohivyo. Amonia hivyohivyo, inatoa gesi nyingine ya kubana kifua. Hata mkojo uliokaa, una amonia, kwa hiyo flashi kwanza, Baba. Akalisema hilo la mkojo taratibu, nyumba nzima ikanigeukia. Sisemi kitu.

Mama mkwe ndiye aliyenimaliza. Kaja kutoka Pangani na mizigo yake, kaona karatasi ya friji, kamwita binti yake amsomee. Kasikiliza mpaka mwisho. "Haya ndiyo mmeyalipia semina?" Kesho yake kakaa uani na makumbi ya nazi na majivu ya mkaa, masufuria yanang'aa nje utajitazama. Majivu, kumbe, yana potashi, ikikutana na mafuta ya chombo inayageuza kidogo kuwa sabuni. Yeye hakusema potashi, alisema majivu. Sinia lake la shaba kalisugua na ukwaju na chumvi, likatoka jipya. Matambara kayafua na sabuni ya mche, kayaanika juani. Hakupulizia kitu. Hakupima asilimia.

Nikasema na mimi nimfurahishe. Usiku nikachukua lile bonge lake la magadi la kupikia makande, nikaloweka sufuria ya alumini iliyoungua. Asubuhi ukoko umetoka, ndiyo, na sufuria imekuwa nyeusi ndani. Kumbe magadi na alumini havipikiki chungu kimoja. "Mkwe," akaniita kwa upole, ule upole wao wa pwani unaokufanya utamani ukemewe tu, "sufuria ya mwanangu umeipaka lami?" Ikachemshwa na maji ya ndimu ikarudi rangi yake nusu. Nusu nyingine inanikumbusha kila Jumapili wali ukipakuliwa.

"Dawa ni mkono," akasema mama mkwe, akanikabidhi kumbi.

Na hapo ndipo kilio changu kilipo, jirani. Zile chupa za kiwandani zilikuwa na sumu, sawa, lakini zilikuwa zinafanya kazi zenyewe. Unapulizia, unasubiri dakika tano, unafuta, unarudi kwenye kochi. Hizi za nyumbani hazina sumu kwa sababu ile kazi ya sumu nimepewa mimi. Soda inasugua, nani anaisukuma? Siki inalegeza, nani anakwangua? Dodoki limeoteshwa kwenye uzio wetu wenyewe, zuri, halichafui mazingira, halina betri. Vioo vinafutwa kwa siki iliyozimuliwa na gazeti la zamani. Mama watoto anasema ukurasa wenye safu hii ndio unaofuta vizuri, hauna kitu kizito cha kubaki kwenye kioo.

Mtoto hakohoi siku ya kudeki, hilo nalo lazima niseme, ingawa nikilisema nashindwa kulalamika vizuri.

Sasa kikundi kimeamua kwenda mbali zaidi. Watauza sabuni. Nikapewa orodha, nenda Kariakoo. Nikaisoma ndani ya daladala. Salfoniki asidi. Slesi. Soda ashi. Glisarini. Rangi. Pafyumu. Kostiki soda, hiyo ni ya sabuni ya kipande. Nikatafuta ndimu kwenye orodha, sikuiona. Nikatafuta nanasi. Muuzaji kijana mdogo, kanipimia kila kitu, kafika kwenye kostiki kasita.

"Mzee, glovu na miwani unavyo?"

"Mimi naona vizuri tu."

"Hii ikikurukia jichoni huoni tena. Unatia kostiki kwenye maji, polepole, usitie maji kwenye kostiki, yatachemka yakurukie. Ndoo ngumu ya plastiki, usitumie sufuria ya alumini, inaila. Watoto wasiwepo."

Nikapiga simu nyumbani palepale dukani. "Mama watoto, si tulisema vitu vya kupikia?" Kasema ile ni ya nyumbani, hii ni ya biashara, usichanganye mambo. Nikauliza, na hii atakayechanganya ni nani? Kimya. Nasikia tu televisheni.

"Umenunua glovu?" akauliza.

Zilikuwepo za pinki, saizi ndogo. Nikanunua. Kwenye daladala konda kanikatalia kuweka mzigo chini ya siti, nikaupakata kituo kwa kituo, mkono mmoja mzigo, mwingine bomba, glovu zinachungulia mfukoni. Mama wa siti ya pili kaniuliza nauza nini. Nikasema sabuni ya maji. Kasema mnapeleka mpaka majumbani? Kaagiza lita tano, kanipa namba, kaniuliza inanukia nini.

Nikamwambia bado haijatengenezwa. Kanisogelea kidogo, kavuta pumzi, kasema akipata isiyonukia siki itakuwa vizuri zaidi.